Kamba Zilizolegezwa

Shangazi yangu wa Karatina ana mkebe wa biskuti uliojaa postikadi. Nyingi ni za rangi, zile zilizouzwa hotelini na posta: twiga, Mlima Kenya bila wingu hata moja, hoteli ya Treetops ikiwa imepanda juu ya miguu yake ya miti. Moja tu ndiyo nyeusi na nyeupe. Ni picha iliyochapishwa studio kwenye karatasi ya postikadi, na mistari ya anwani imo nyuma, tupu. Wasichana sita wamesimama mbele ya hema, mikaratusi nyuma yao, na mmoja ameshika nyundo ya mbao kama mtu ashikaye mwiko.

"Hii ilipigwa jioni," akaniambia.

Nikaitazama tena. Hakuna kivuli wala jua, ni ule weupe wa mawingu wa Nyeri usiokuonyesha kama ni asubuhi au saa kumi. Nikamuuliza amejuaje. Akaweka ukucha juu ya kamba: "Huoni zimelegezwa?"

Alikuwa Girl Guide, yaani skauti wa kike, miaka ya sitini mwishoni, akaja kuwa mwalimu wa Girl Guides kwa miaka mingi. (Jina hilo heri libaki la Kiingereza, ukilitohoa kwa pupa utajikuta umewaita mabinti wa watu magaidi.) Chama chao kilianza Kenya mwaka 1920, na kambi za enzi za shangazi zilikuwa za likizo ya Agosti. Vitabu walivyosoma viliandikwa Uingereza, ambako Agosti ni kiangazi. Nyeri Agosti ni ukungu, manyunyu na vidole visivyofunga vifungo. Ndiyo maana, nadhani, mafundi wazuri wa hema walitoka huku.

Hema la kwenye picha ni la turubai la pamba: nguzo mbili, mti mmoja wa mgongo, pande mbili zinazoshuka kama paa. Kulisimamisha, anasema shangazi, si kazi; wasichana sita wakiwa na njaa hulisimamisha kabla chai haijachemka. Kazi ni liwe bado limesimama saa tisa usiku. Hapo ndipo anapoanza kueleza kwa mikono, na hapo ndipo mimi hunyamaza.

Kigingi hakipigwi wima. Kichwa chake huinamishwa kuelekea nje, kikilipa hema mgongo, kisha hupigwa hadi kibaki kijino tu cha kushikia kamba. Udongo wetu mwekundu ukilowa hulainika kama uji, na kigingi kilichosimama wima hutoka chenyewe bila kuvutwa na mtu. Kamba nayo huenda sambamba na mshono wa turubai, kwa sababu mshono ndio mfupa. Ukiivuta kamba upande, turubai hukunjika, na maji hujikusanya kwenye mkunjo. Katikati ya kila kamba kuna kibao kidogo chenye matundu mawili. Kisukume juu, kamba inakaza, kishushe, inalegea. Shangazi bado anacho kimoja jikoni, cheusi kwa kushikwashikwa, na alipokuwa akiniambia haya alikuwa akikizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada bila kukiangalia.

Sasa, kamba zile zilikuwa za mkonge. Kamba ya mkonge ikinywa maji huvimba, na ikivimba hufupika. Ukilala umezikaza vizuri, kama mtu asiyejua anavyopenda kuziona, mvua ya usiku huzikaza zaidi, mpaka ama ving'oke vigingi ama tundu la turubai lichanike. Kwa hiyo kila jioni mtu huzunguka hema na kushusha vibao vyote, kidogo tu, na asubuhi jua likitoka huvipandisha. Hema lililolegezwa halipendezi pichani. Mpiga picha aliwakuta wameshalilegeza, nao hawakulikaza ili wapendeze. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote katika kadi ile.

Mvua ikinyesha, mtu asiguse turubai kwa ndani. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu vyao zenyewe. Ukigusa, maji hufuata kidole chako na kudondoka hapo hapo hadi alfajiri. Kila hema, anasema, lilikuwa na msichana mmoja asiyeamini.

Shangazi mwenyewe nusura asiende kambini. Nyanya yangu aliposikia neno "kambi" alikataa katakata. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, alihamishiwa kijiji cha lazima na kuchimbishwa handaki la kukizunguka. Kambi kwake ilikuwa mahali watu walipopelekwa wasirudi. Alipoambiwa wasichana nao watachimba mtaro kuzunguka hema, aliuliza mlinzi atakaa upande gani. Ilibidi mwalimu aje nyumbani aeleze kwamba mtaro ule ni wa maji. Habari hiyo haimo kwenye postikadi yoyote.

Kutoka kambini wasichana walipelekwa pia Paxtu, kile kinyumba kilicho kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti na Girl Guides, na mkewe Olave waliishi kuanzia 1938. Jina ni mzaha juu ya nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill, lakini sikio la Mswahili husikia "Pax tu", na sidhani kama limekosea. Mzee alifariki Januari 1941, akazikwa mjini humo. Juu ya jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa huko pia. Shangazi hakumbuki mengi ya ziara hiyo. Anachokumbuka ni kichanja cha vyombo walichojenga jioni yake kwa fito na kamba, bila msumari hata mmoja, ambacho kilibeba sahani zote na sufuria mbili za githeri.

Mahema ya nailoni ya leo hayanywi maji kama pamba, wala kamba zake hazifupiki. Ni mepesi, na sina neno baya juu yake, ila hayamdai mtu chochote jioni.

Nilipomuuliza majina ya wale sita, alipata manne. La tano alilipata baada ya chakula. La sita hakulipata.

Ikiwa una kadi kama hii, iwe ya Nanyuki, Embu au Othaya, igeuze leo uandike majina nyuma. Tumia penseli laini, maana wino hupenya hadi upande wa nyuso.