Kivuli cha Saa Kumi

Desemba moja shemeji yangu wa Bungoma alitutembelea Kitale. Akaketi bustanini chini ya gazebo letu la mabati, akalipenda mno. Akapiga picha, akachukua vipimo vyote, na kufikia Machi fundi wake alikuwa amesimamisha pacha wake upande wa Kanduyi: nguzo nne, mita 3 kutoka mashariki hadi magharibi, mita 4 kwa upande wa pili, ukingo wa paa mita 2.5 kutoka ardhini. Fundi hakukosea hata inchi moja. Lakini kila nikienda huko alasiri, chai tunainywea chini ya mwembe.

Nilianza kwa kulilaumu joto. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, Bungoma karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 huongeza joto kwa nyuzi kama tatu, kwa hiyo mabati yanayovumilika Trans Nzoia huwa kikaango yakishuka Bungoma. Bati tupu hupata moto, kisha huurudisha chini juu ya vichwa vya watu. Shemeji akaweka dari ya mikeka. Joto likapungua, ila sisi tukabaki mwembeni. Ndipo nikachukua kalamu na karatasi, na hesabu ikanionyesha kwamba kosa lilianzia kwangu.

Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, wakati Kitale iko nyuzi 35. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua hutufikia utosini kama dakika 40 baada ya saa sita, na katikati ya Februari huwa karibu saa saba. Bungoma, iliyo magharibi zaidi, huongeza dakika nyingine mbili hivi. Hii ina maana kwamba saa kumi na dakika arobaini, wakati mgeni anapofika na birika linapotoka jikoni, jua bado lina nguvu na limelala upande. Mwishoni mwa Desemba, saa hiyo, huwa nyuzi 27 tu juu ya upeo wa macho, upande wa magharibi uliopinda kuelekea kusini. Kivuli cha paa lililo mita 2.5 juu huangukia karibu mita 5 mbali, upande wa mashariki-kaskazini, juu ya nyasi ambapo hakuna kiti.

Mtu aliyeketi ana kichwa mita 1.2 hivi kutoka chini. Kwa ukingo wa mita 2.5, jua la saa hiyo huingia zaidi ya mita 2 kutoka upande wa magharibi kabla ya kukosa kichwa chake. Gazebo lote lina upana wa mita 3. Kinachobaki ni ukanda usiotosha benchi na meza, na upande wa kusini nao unakatwa zaidi ya mita moja. Ukiushusha ukingo wa magharibi hadi mita 1.9, jua huishia mita 1.2 ndani. Zile sentimita 60 tulizojivunia kwamba zinaleta hewa ndizo zilizotuunguza.

Wazee walilijua hili bila karatasi. Katika Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo alioufungua Hugh Stoneham mwaka 1926, kuna maboma ya kienyeji ya kuonyesha jinsi jamii za huku zilivyojenga. Tazama paa la nyasi la nyumba ya jadi linavyoteremka hadi mtu mzima alazimike kuinama mlangoni. Nilizoea kudhani ni kwa sababu ya mvua peke yake.

Ukishawishika kuezeka kwa nyasi, na bustanini hupendeza kweli, mwinamo uwe wa nyuzi 45 au zaidi ili maji yasizame. Kuna jambo moja ambalo mafundi hawalitaji: nyumba ya zamani ilikuwa na moto ndani. Moshi ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Gazebo halina jiko, na mvua za huku huanza Machi na kuendelea miezi mingi, kwa hiyo nyasi zake huoza mapema kuliko unavyokumbuka kwa bibi. Neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ni rahisi na ile ya asilimia 80 huzuia mwanga vya kutosha. Lakini mvua hupita, na mvua ya mawe ya Kitale hujaa juu yake hadi neti inaning'inia kama tumbo la ng'ombe.

Nguzo zetu zilitofautiana bahati. Zangu za mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani zimesimama. Za shemeji zilikuwa za mkaratusi mbichi uliopakwa oili chafu, na oili hiyo haifiki moyo wa mti. Mchwa waliingilia chini. Angepata lusiola, mti ambao Waluhya wameuamini kwa nguzo tangu zamani, angechelewa kuwaona. Mimi sasa ningesimamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichozikwa kwenye zege, mti usiguse udongo kabisa.

Zege lenyewe halipo kwa ajili ya kubeba, maana paa la mabati la mita za mraba 12 halizidi sana kilo 50 bila mbao. Lipo kwa ajili ya kushikilia. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiingia chini ya paa lisilo na kuta unaweza kulinyanyua kwa nguvu ya kilo 230 hivi. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 60, likijazwa zege huwa na uzito wa karibu hizo hizo, na nguzo ni nne. Fundi akikuambia misumari inatosha, mwongezee chai, kisha muagize bolti. Na ngurumo zikianza, ingieni nyumbani. Kibanda kisicho na kuta si mahali pa kungojea radi ya magharibi ya Kenya.

Shemeji hakubomoa. Amefunga waya upande wa magharibi na kusini, kuanzia ukingo wa paa hadi chini, na kupanda karakara. Majani yamefika kimo cha magoti. Mimi nimekuwa mvivu zaidi: nimevihamisha viti nje ya gazebo, upande wa mashariki, na saa kumi na dakika arobaini tunaketi juu ya nyasi ndani ya kivuli cha paa ambalo hatuko chini yake.