Nani Hasemi Katika Masimulizi ya Safari? Tippu Tip na Insha za Watahiniwa Wetu

Mwalimu mwenzangu, mpe mtahiniwa insha ya safari, naye atakuletea ziwa linalometameta na mbuga zenye mandhari ya kupendeza. Hata wanafunzi wetu wa Athi River huandika hivyo, ilhali wanajua kuwa simba akitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuvuka hadi Kitengela, huenda akala ng'ombe wa mtu.

Dawa moja ni kuwasomesha sehemu za *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*. Tawasifu hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akaitia katika hati za Kirumi na kuichapisha mwaka 1902 na 1903. Toleo la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilitoka mwaka 1966. Humo tunafika Tabora, Ujiji, Ziwa Tanganyika na Kasongo, nchi ya Kongo.

Mhakiki mwepesi atasema fani yake ni dhaifu kwa kuwa mandhari hayachorwi. Sikubaliani naye. Usimulizi huu mkavu ndio unaotufichulia mtazamo wa msimulizi. Yeye ni mfanyabiashara: umbali ni siku za kutembea, ziwa ni njia ya kuvuka, na ndovu ni pembe. Mtindo na dhamira haviachani hapa.

Hata hivyo, tusiishie kumsifu. Pembe hizo hazikufika pwani zenyewe. Zilibebwa na wapagazi na watumwa, nao katika masimulizi haya huonekana zaidi kama kundi na mzigo kuliko watu wenye majina na kauli. Mtahiniwa akitaja "nafsi ya kwanza" bila kueleza ni nani amenyamazishwa na nafsi hiyo, ametaja mbinu tu, hajahakiki.

Kwa hivyo, jaribu zoezi hili darasani. Chagua tukio moja la safari, kisha waambie wanafunzi walisimulie upya kwa nafsi ya mpagazi. Ziwa lile lile litabadilika: litakuwa woga, njaa, au bega linalouma.

Baadaye warudishe Kitengela. Waulize: katika insha yako, ng'ombe aliyeliwa ni wa nani, naye mwenyewe anasemaje? Atakayejibu swali hilo hatahitaji ziwa linalometameta.