Kalori 1,920 Zilikwenda Wapi?

Mtu akipunguza chakula, miezi ya mwanzo mizani humfurahisha, kisha hugoma. Anakula kidogo vilevile, lakini kilo hazishuki. Jibu analopewa siku hizi, jimu na hata kwenye video za simu, ni kwamba umetaboli wake umelala. Umetaboli, yaani kazi yote ya mwili ya kuchoma chakula na kukigeuza nguvu, haulali. Hupungua, na upungufu huo ulishapimwa na kugawanywa mafungu tangu 1950. Ukiyatazama mafungu hayo moja moja, unaona kwamba tumekuwa tukimkamata mshukiwa mdogo na kumwacha mkubwa apite.

Vipimo hivyo vilifanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, katika vyumba vilivyokuwa chini ya jukwaa la uwanja wa mpira. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikielekea ukingoni, Ulaya ilijaa watu wenye njaa, na mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys alitaka kujua mwili uliodhoofishwa na njaa hurudishwaje. Vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu za imani na dhamiri walijitolea. Wiki 12 za kwanza walilishwa vizuri, wastani wa kalori 3,490 kwa siku. Kuanzia Februari 1945 chakula kikakatwa hadi wastani wa kalori 1,570 kwa wiki 24: viazi, mboga za mizizi, mkate mweusi, makaroni. Kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35. (Wapo leo wanaopangiwa kalori 1,200 kwenye karatasi ya dayeti na kuambiwa ni jambo la kawaida.)

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, joto la mwili likashuka, wakawa wanaona baridi hata majira ya joto. Kuelekea mwisho wa zile wiki 24, uzito nao ukakaribia kusimama, na hapo ndipo hesabu ilipowezekana. Mtu ambaye uzito wake haupandi wala haushuki anachoma kiasi kilekile anachokula. Mwili uliokuwa ukitumia kalori 3,490 sasa ulikuwa ukiendeshwa kwa 1,570. Kalori 1,920 za kila siku zilikuwa zimefutwa kwenye matumizi.

Keys na mwenzake Henry Longstreet Taylor waliuliza zilifutwa wapi. Kwanza walipima umetaboli wa msingi: mtu analala kimya asubuhi kabla hajala, hewa anayopumua inakusanywa, na oksijeni aliyoitumia inaonyesha kiasi alichochoma kwa kuishi tu, moyo ukidunda na ini na figo vikifanya kazi. Hapo walikuta upungufu wa kalori 614, karibu asilimia 40 ya kiwango cha mwanzo. Asilimia hiyo ndiyo hunukuliwa mara nyingi na kuwatisha watu, na ndiyo inayopotosha. Lori lililoshushwa mzigo hunywa dizeli kidogo bila injini yake kubadilika. Vijana hawa walikuwa wamepoteza mafuta na nyama nyingi ya misuli, na nyama isiyokuwepo haichomi kitu. Ilipohesabiwa nyama hai iliyobaki, ilionekana kwamba asilimia 65 ya zile 614 ilitokana na mwili kuwa mdogo. Asilimia 35 tu, kalori kama 215, ndiyo iliyotokana na nyama yenyewe kupunguza kasi.

Fungu la pili lilikuwa dogo: kalori 191 za kazi ya kusaga chakula. Ukila kidogo, unasaga kidogo.

Fungu la tatu ndilo kubwa, na ndilo lisilotajwa. Kalori 1,115, asilimia 58 ya akiba yote, zilitoka kwenye mwendo. Sehemu yake, asilimia 40, ni kwa sababu mwili mwepesi hauhitaji nguvu nyingi kubebwa. Zilizobaki, kama 670, ni mwendo uliotoweka. Hakuna aliyewaamuru wapumzike. Kilomita zao 35 waliendelea kudaiwa. Lakini kati ya matembezi hayo walikaa pale ambapo zamani wangesimama, wakaacha kila hatua isiyo ya lazima. Ni kweli kwamba fungu hili halikupimwa moja kwa moja. Lilipatikana kwa kutoa mafungu mengine kwenye jumla, na kosa lolote la kipimo huangukia humo. Hata hivyo zile kalori 670 ni mara tatu ya zile 215 za nyama kupunguza kasi, na kosa la kipimo haliwezi kuzifuta zote.

Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walilirudia swali hilo kwa njia safi zaidi. Watu waliojitolea walilazwa wodini, wakapewa chakula cha kunywa kilichopimwa, kikiongezwa na kupunguzwa hadi uzito usimame. Waliopungua asilimia 10 ya uzito walitumia nguvu chache kuliko ukubwa wa mwili wao mpya ulivyotabiri. Uchunguzi uliofuata wa watafiti haohao ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo imo kwenye misuli inayofanya kazi nyepesi: hufanya kazi ileile kwa nguvu ndogo. Homoni ya leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na hushuka mafuta yanapopungua, ndiyo inayotoa taarifa. Watu waliopungua walipochomwa sindano za leptini, matumizi yao ya nguvu yalipanda tena.

Kilichowatia watu hofu zaidi ni utafiti wa mtafiti Kevin Hall na wenzake uliochapishwa 2016, kuhusu washiriki 14 wa The Biggest Loser, kipindi cha televisheni cha Marekani cha mashindano ya kupunguza uzito. Katika wiki 30 za mashindano walipungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41, lakini umetaboli wao wa kupumzika ulikuwa bado chini ya uliotarajiwa kwa kalori karibu 500 kwa siku. Magazeti yakatangaza kwamba dayeti huua umetaboli. Hayakukazia jambo moja lililomo katika matokeo hayohayo: waliofanikiwa kubaki na uzito mdogo ndio waliokuwa na upungufu mkubwa zaidi. Kama umetaboli uliopungua ndio unaorudisha kilo, ingekuwa kinyume. Baadaye, mwaka 2022, Hall alieleza kwamba huenda mazoezi mengi ya watu hao ndiyo yaliyoufanya mwili ubane matumizi kwingine. Hoja hiyo ina mizizi Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, ambako Herman Pontzer na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba Wahadzabe, pamoja na kutembea kwao kutwa, hawatumii nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wenye ukubwa sawa wa mwili.

Basi kilo hurudishwa na nini? Na njaa. Mwaka huohuo wa 2016 Hall na wenzake walikokotoa kwamba kila kilo inayopotea hupunguza matumizi ya nguvu kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini huongeza hamu ya kula kwa kalori kama 100. Aliyepungua kilo 10 anasukumwa na tamaa ya kalori 1,000 zaidi, wakati mwili wake unahitaji pungufu ya 200 au 300. Na mambo haya mawili humkuta siku moja, kwenye sahani moja.

Na kwa kuwa matumizi hushuka kila kilo inapopotea, kanuni ya zamani kwamba kila kalori 7,700 zinazoachwa huondoa kilo moja, itokanayo na hesabu ya Max Wishnofsky ya 1958, inaanguka. Ukiifuata, anayeacha kalori 240 kila siku, yaani kama chapati moja ya mafuta, atapungua kilo 11 kwa mwaka, na 11 nyingine mwaka wa pili, bila kikomo. Hesabu ya Hall ya 2011, inayozingatia kupungua kwa matumizi, inatoa kilo 5 mwaka wa kwanza, na 10 kwa jumla baada ya miaka kadhaa. Kilo zikishuka polepole kuliko kanuni hiyo inavyoahidi, basi, si lazima mtu awe anaiba chakula usiku.

Kwa anayepunguza uzito, la kulinda ni misuli, kwa protini ya kutosha na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, na la kuangalia ni miguu yake mwenyewe: je, bado anatembea kama alivyokuwa akitembea kabla hajaanza? Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kupunguza chakula. Na anayekuuzia chai ya kuamsha umetaboli, muulize itaamsha kalori ngapi, na nani alizipima.