Mbwa Wamechorwa Vizuri, Shamba Liko Wapi?

Kwenye maktaba yetu ya kambini kuna kitabu kikubwa cha picha za zamani za Ulaya, jalada limeshatoka. Wengi wanakifungua kwa ajili ya farasi. Mimi nilikwama kwenye picha za uwindaji za Jan van der Straet, mtu wa Bruges aliyehamia Italia akamfanyia kazi Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence. Alianza kwa kuchora mifano ya mazulia ya kutundika ukutani, kwenye jumba la Cosimo la Poggio a Caiano. Baadaye Philips Galle wa Antwerp akachapisha picha zake kwa mabamba ya shaba, kuanzia 1578, nyingine zikaongezwa mpaka zikafika 104. Yaani starehe ya bwana mmoja ikawa karatasi ya kuuzwa.

Ufundi nausifu. Huyu mtu anajua mbwa! (Tembo wake tuwaache, naona kama alisimuliwa tu.) Na kuna jambo sikulitegemea: katika picha kadhaa wanaume wa miguu, wenye mikuki na nyavu, wako mbele kabisa, migongo imekaza, na mabwana wako nyuma juu ya farasi. Kazi ni ya nani, mchoraji ameiona.

Ila nimetafuta shamba, sijaliona. Nguruwe pori anatoka msituni, anachomwa mkuki, basi. Alikula nini jana usiku? Mwaka 1525, huko Memmingen, kusini mwa Ujerumani, wakulima waliandika madai yao 12. Moja lilisema maskini amekatazwa kugusa mnyama, ndege wala samaki, na huku wanyama wa mabwana wanamaliza mazao yake, naye anatakiwa anyamaze. Ni nchi nyingine, najua, na ni nusu karne kabla ya Galle. Lakini mnyama ni yuleyule.

Kwetu Fizi, babu alikuwa analala shambani msimu wa mihogo, anapiga debe mpaka alfajiri ili nguruwe wasiingie. Hakuna aliyemchora. Ningempa van der Straet kazi hiyo: mzee, debe, giza, na macho ya nguruwe pembeni. Kwa mkono ule angeiweza kabisa.

Kitabu nimekirudisha Jumatatu. Ukurasa wa nguruwe nimeuwekea kijiti.