Gari la Moshi Lenye Jina Letu

Wahenga walisema ya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno hili ni kweli, walakini tumeona ya kuwa cha kale nacho kina unyemi wake, tena huweza kumpumbaza mtu kuliko kipya. Mwezi huu twapenda kuzipima sifa zinazotolewa kwa magari ya moshi ya zamani, yaani yale yaliyokwenda kwa mvuke zama za Waingereza. Sifa hizo zimo vitabuni, zimo katika nyumba za makumbusho, na zimo vinywani mwa wazee wetu. Twataka kujua ni zipi zilizo za haki, na ni zipi zilizopunguka.

Na tuanze na Waingereza wenyewe, maana ndio waliotangulia katika mapenzi haya. Kwao injini za mvuke ziliondolewa katika njia kuu za reli mwezi wa Agosti mwaka 1968. Lakini hata kabla ya siku hiyo, watu wengi hawakukubali kuziacha zife. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliishika reli ndogo ya Talyllyn katika nchi ya Wales, wakaiendesha kwa mikono yao bila mshahara. Tangu hapo njia nyingine nyingi zimefufuliwa kwa namna hiyo. Mtu aliye karani au mwalimu siku za kazi, ifikapo Jumamosi huvaa nguo kuukuu, akasugua shaba na kuchochea moto, akarudi nyumbani mweusi kwa masizi na moyo wake umejaa furaha. Watu hao huandika vitabu pia, na humo utaikuta kila injini na namba yake, kiwanda chake, mwaka iliojengwa na mwaka iliovunjwa.

Mapenzi hayo yamefika hata Afrika Mashariki. Mjini Nairobi pana Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Miongoni mwa injini zilizowekwa pale iko moja yenye namba 3020. Ni ya jamii ya injini 26 zilizojengwa miaka ya 1955 na 1956 katika kiwanda cha North British, mjini Glasgow, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ina magurudumu 14, manane kati ya hayo ndiyo yenye kusukumwa na nguvu ya mvuke. Haikuchoma kuni wala makaa, ilichoma mafuta mazito. Na nyuma yake hufuata tangi kubwa la maji, ipate kupita nchi kavu pasipo kusimama mara kwa mara. Injini za jamii hiyo zilipewa majina ya makabila ya nchi zetu. Nayo namba 3020 ikaitwa Nyaturu.

Hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi watu wa Singida. Jina letu limeandikwa ubavuni mwa chuma cha Skotlandi, likatunzwa Kenya, na wageni hutoka mbali kuja kulipiga picha. Je, tufurahi? Tutoe kwanza sifa zinazostahili, kisha tuseme yaliyopunguka.

Sifa ya kwanza ni bidii ya kutunza. Wapenzi wa reli wametufundisha ya kuwa kitu hakipotezi heshima kwa sababu tu kimekwisha kazi. Sisi mara nyingi tukiona chuma cha kale twakiuza kwa mizani, na karatasi za kale twazifungia karanga. Sifa ya pili ni usahihi. Mpenzi wa reli hatosheki na kusema, ‘Ilikuwa zamani.’ Ataka mwaka, ataka mwezi, ataka jina la stesheni. Kama wenye kuandika habari za vijiji na sharika zetu wangekuwa na juhudi hiyo, watoto wetu wangejua mengi wasiyoyajua leo.

Walakini kasoro ipo, nayo si ndogo. Kumbukumbu hizi zapenda chombo, zasahau mikono. Mpenzi wa reli akisimama mbele ya injini Nyaturu aweza kukutajia kiwanda na magurudumu. Umwulize, ‘Na Wanyaturu ni nani?’ twadhani wengi watanyamaza. Hawatajua hata ya kwamba Wanyaturu wenyewe hujiita Arimi, na kwamba jina lile lililoandikwa pale ni jina waitwalo na wengine. Katika nyumba ile ile ya makumbusho iko injini nyingine, namba 6006, iliyoitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika tangu 1934 hata 1938. Angalieni basi: gavana alipewa injini nzima kwa jina lake mwenyewe, na heshima ya ‘Sir’ mbele yake, na watu maelfu kwa maelfu wakapewa injini moja kwa jina la kabila, wala hapana mmoja wao aliyetajwa.

Mtaona ya kuwa hatusemi haya kwa wivu mkiitazama habari ya reli ya Mombasa, ambayo kumbukumbu zake zimo katika nyumba hiyo hiyo. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwa Viktoria mwaka 1901. Makumbusho yamehifadhi behewa moja la zamani, na kila mgeni huonyeshwa. Ndilo alilokuwamo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, usiku mmoja wa mwaka 1900 katika stesheni ya Kima. Alikuwa akimvizia simba aliyekuwa akila watu, akashikwa na usingizi, simba akaingia behewani akamchukua. Ni kifo cha kusikitisha, nasi hatulaumu kukumbukwa kwake. Lakini katika ujenzi wa reli ile Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kufanya kazi, na karibu 2,500 wakafa kwa magonjwa na ajali. Behewa lao li wapi?

Tena kuna kitabu cha J. H. Patterson juu ya simba wa Tsavo, kilichotoka mwaka 1907, nacho hupendwa hata leo na wale wanaozitamani siku zile. Mwandishi asema ya kwamba simba wale wawili waliwaua Wahindi 28, tena Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuandikwa na serikali. Sisi tulipofika hapo tulikifunga kitabu kwa kitambo. Twaona ngazi tatu katika kukumbuka: Mzungu hukumbukwa kwa jina, Mhindi kwa hesabu, na Mwafrika hata hesabu hana. Patterson hakuficha neno hili, na kwa hilo twamshukuru. Lakini aliliandika kama jambo la kawaida, akaendelea na habari za simba.

Sasa turudi kwetu, maana si haki kumnyoshea mwingine kidole na nyumba yetu haijafagiwa. Sisi nasi twaitamani reli ya zamani. Wazee wetu, na wana wao waliorithi maneno yao, husimulia ya kuwa gari lilikuja kwa saa yake, na mlio wake ulisikika mbali. Husimulia juu ya kuku na asali zilizouzwa stesheni, na makarani waliovaa kofia na kushika bendera. Hayo yote ni mazuri kusikia. Lakini mara chache hutuambia abiria walikaa wapi. Mtu wetu alipanda daraja la tatu, akabanana na wenziwe juu ya mbao. Na wengi hawakusafiri kwa kupenda. Kodi ilidaiwa kwa shilingi, na shilingi haikuota shambani; kwa hiyo wanaume wengi wa nchi hii walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Injini ilipewa jina la watu, na watu wakapewa namba kama injini.

Tukumbuke Waisraeli jangwani. Walipochoka na mana, walilia wakiwakumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu. Hawakuyakumbuka matofali wala mijeledi. Ulimi una kumbukumbu, lakini hukumbuka kilichokuwa kitamu tu. Naye Mhubiri alituonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, maana si kwa hekima mtu huuliza hivyo.

Zaidi ya hayo, kuna neno moja ambalo mapenzi ya kale, ya Waingereza na yetu pia, yamelisahau kabisa. Reli kuu ya kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida, likaenda hata Kinyangiri katika nchi ya Iramba. Lakini halikudumu. Lilionekana halilipi gharama zake, na kabla ya mwaka 1950 lilikuwa limekwisha kufungwa na kung'olewa. Watu waliozoea kupeleka mazao yao stesheni wakarudi kutazama tuta tupu. Basi ilipojengwa injini Nyaturu huko Glasgow, mwaka 1955, katika mji wa Singida hapakuwa na reli hata hatua moja. Injini yenye jina letu haikuweza kufika kwetu. Reli ya Manyoni hata Singida tuliyoijua baadaye ilijengwa baada ya Uhuru, na siku za mvuke zilikuwa zimekwisha.

Hili ndilo tunaloliona kuwa somo. Kama reli ingalipendwa kwa ajili ya watu, tawi la Kinyangiri lingalikuwa na kurasa nyingi, maana lilibadili maisha ya vijiji lilipokuja, likayabadili tena lilipoondoka. Lakini kwa kuwa halikuwa na injini maarufu wala daraja kubwa la kupigwa picha, wapenzi wa reli hulipita kwa maneno machache. Sisi nasi tumeliacha lipotee, hali wazee wetu ndio waliochimba udongo wake na kubeba mataruma yake.

Isidhaniwe ya kwamba twasifu kila kipya. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu karibu na Dodoma, gari la abiria lilishindwa kupanda mlima, likarudi nyuma kwa kasi, likagongana na gari la mizigo, na watu zaidi ya 280 wakafa. Siku hiyo wengi walisema kwa uchungu ya kwamba zamani haikuwa hivi. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu anapoitamani kazi iliyofanywa kwa uangalifu, hatamani ukoloni, atamani uangalifu. Twapaswa kuyatenga mambo hayo mawili, kama mpepeta mtama atengavyo punje na makapi. Utunzaji wa njia, ukaguzi wa breki, kuijali saa ya abiria, hizo ni punje, wala si mali ya Mwingereza. Ni mali ya kila mtu mwaminifu kazini.

Mwaka 2024 magari ya umeme yameanza kwenda kutoka Dar es Salaam hata Dodoma juu ya reli mpya iliyo pana, na njia hiyo imepangwa kuendelea magharibi kupita Manyoni. Siku moja nayo itakuwa ya kale, na wajukuu wetu wataitamani. Watakuta nini kimeandikwa? Watakuta namba za injini tu, au watakuta na habari za waliochimba na kujenga?

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu na wazee wa sharika, hasa mlio kati ya Manyoni na Kinyangiri, mlifanye jambo moja. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1940 sasa anakaribia miaka mia. Waliobaki ni wachache, na kila msiba hufunga mlango mmoja. Nendeni kwao na daftari. Waulizeni: Nani alijenga tuta hili, na alilipwa nini? Nani wa ukoo wenu alipanda gari lile, na alikwenda wapi? Siku reli ilipong'olewa, mlifanya nini? Andikeni majibu kama yalivyotamkwa, na jina la msemaji, na la baba yake, na la kijiji. Kama wazee wenyewe hawapo tena, waulizeni watoto wao. Msiongeze utamu, wala msipunguze uchungu.

Injini Nyaturu na itunzwe Nairobi, isuguliwe ing'are, nasi twawashukuru wanaoitunza. Lakini jina lile si la chuma. Wenye jina wako huku, baadhi yao wameketi vivulini mwa nyumba zao hivi leo, wakingoja mtu wa kuwauliza.