"Sijambo" Ndani ya Faili

Daktari alimuuliza hali. Mama akajibu kama alivyolelewa kujibu: "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu." Mkalimani wa kwenye simu akatafsiri neno kwa neno, daktari akapiga chapa, na kumbukumbu za siku ile zikabaki zikisema kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na hana malalamiko mapya. Ilikuwa mwezi wa nne tangu apasuliwe uti wa mgongo. Tulipotoka nje alisimama mara mbili kupumzika kabla hatujalifikia gari.

Nawasaidia wazee wetu hapa Marekani kusoma mafaili yao ya mafao ya ulemavu. Wengi wao ni Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka mingi, kisha wakaletwa huku na kuishia kwenye viwanda vya nyama. Mama huyu alifika 2014, akakata nyama kwenye mkanda miaka tisa, na alipokuwa na umri wa miaka 51 mgongo ukagoma. Aliomba mafao akakataliwa. Akakata rufaa, akakataliwa tena. Mbele ya hakimu akakubaliwa. Ugonjwa ulikuwa ule ule na picha za MRI zile zile. Kilichobadilika ni maelezo yaliyoandikwa kumhusu, na hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame.

Bima ya ulemavu ya serikali ya Marekani ilianza mwaka 1956, na haimlipi mtu kwa sababu anaumwa. Sheria inauliza kama maradhi yanayothibitika kitabibu, yatakayodumu angalau miezi 12 au kuishia kifo, yamemfanya mtu ashindwe kazi yoyote ya kumpa kipato cha maana. Kwa mwaka 2025 kipato hicho kilipimwa kuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa asiye kipofu. Ulemavu wa nusu hautambuliwi: ama unaweza kazi ama huwezi.

Mtathmini wa maombi hupanda ngazi tano. Ukiwa bado unapata zaidi ya kiwango hicho, safari imeishia ngazi ya kwanza. Maradhi yakionekana hafifu, imeishia ya pili. Ngazi ya tatu ni orodha ya maradhi mazito yenye vigezo vikali. Anayevitimiza hukubaliwa papo hapo, lakini mama hakuvitimiza, na wengi hawavitimizi. Ya nne huuliza kama unaweza kurudia kazi yoyote uliyoifanya ndani ya miaka mitano iliyopita (hadi Juni 2024 ilikuwa miaka kumi na mitano). Ya tano huuliza kama iko kazi nyingine nchini, hata ambayo hujawahi kuisikia, unayoweza kuifanya.

Kesi ya mama iliamuliwa hapo kwenye ya tano, na iliamuliwa kwa pauni kumi.

Kazi zimegawanywa kwa uzito. Kazi nyepesi ni ya kuinua hadi pauni 20 na kusimama au kutembea kama saa sita katika siku ya saa nane. Kazi ya kukaa ni ya kuinua hadi pauni 10, kukaa kama saa sita, na kusimama kama saa mbili tu. Kisha kuna majedwali yanayochanganya uwezo huo na umri, elimu na ujuzi. Mtu wa miaka 50 hadi 54, mwenye elimu ndogo, ambaye kazi zake zote hazikuhitaji ujuzi, akionekana anaweza kazi nyepesi, jedwali linasema si mlemavu. Akionekana anaweza kazi ya kukaa tu, jedwali lile lile linasema ni mlemavu. Dumu la maziwa la galoni moja lina uzito wa karibu pauni tisa. Swali zima lilikuwa kama mama anaweza kuinua dumu moja au mawili, na kama miguu yake inahimili saa sita au mbili. Uamuzi wa kwanza ulisema anaweza kazi nyepesi, na ukitazama alichosoma mtathmini, huoni angepata wapi jibu tofauti. Karibu kila ukurasa wa kliniki ulisema "anaendelea vizuri".

Jambo moja linatuhusu sisi hasa. Hadi Aprili 2020, kutojua Kiingereza kulihesabiwa kama upungufu wa elimu kwenye majedwali hayo, na kulikuwa na uzito mkubwa kwa watu wa miaka 45 hadi 49. Sasa hakuhesabiwi. Aliyemaliza darasa la nne, hata kama ni Fizi, Kongo, na kwa Kiswahili, kwa kawaida huchukuliwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Bado kuna watu mtaani wanaoshauri wenzao kwa kanuni ya zamani. Tafadhali, tuache.

Sasa fomu. Ipo moja ndefu inayouliza siku yako inavyokwenda tangu unapoamka hadi unapolala. Kwa maoni yangu ndiyo inayowaangusha watu wetu kuliko nyingine zote. Ya mama ilijazwa na mjukuu wa miaka kumi na minne, jioni, baada ya shule. Je, unapika? Ndiyo. Unaenda dukani? Ndiyo. Unaenda kanisani? Ndiyo, kila Jumapili. Hakuna uongo hata mmoja hapo, ila ukiyasoma majibu hayo unamwona mwanamke mzima anayejitegemea.

Tulipokaa naye upya, niliuliza anapikaje. Anapika ugali akiwa amekaa kwenye stuli, kama dakika kumi. Binti yake ndiye anayeinua sufuria ya maji. Akimaliza hujilaza nusu saa. Siku tatu katika wiki hapiki kabisa, wanakula mkate. Dukani huegemea kigari cha bidhaa, na mifuko hubebwa na mtoto. Kanisani hukaa benchi la nyuma ili asimame na kuegemea ukuta bila kumsumbua mtu. Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye maelezo mapya: dakika, pauni, mara ngapi kwa wiki, nani anasaidia. Hatukuongeza chumvi hata punje. Maelezo hulinganishwa na kumbukumbu za hospitali, na anayetia chumvi hushikwa pale ambapo karatasi mbili hazipatani.

Halafu kuna barua ya daktari. Sisi tunaheshimu barua yenye mhuri, na mama alikuwa nayo: "Mgonjwa huyu hawezi kufanya kazi." Sentensi hiyo haina thamani kwa mtathmini, kwa sababu kuamua nani hawezi kazi ni mamlaka ya serikali. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu 27 Machi 2017, hata maoni ya daktari wako mwenyewe hayapewi uzito wa pekee; huangaliwa kama yanaungwa mkono na vipimo na kama yanapatana na mengine yaliyomo. Tulimwomba daktari aandike vitu vingine: anaweza kukaa dakika ngapi mfululizo, kusimama saa ngapi kwa siku, kuinua pauni ngapi, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi, na kipimo gani kinaonyesha hivyo. Ukurasa mmoja na nusu. Huo ndio uliomshusha kutoka kazi nyepesi hadi kazi ya kukaa.

Yaliyobaki ni ya tarehe. Una siku 60 za kukata rufaa tangu upokee barua ya kukataliwa, na huchukuliwa kwamba umeipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Anayeacha rufaa na kuomba upya anaweza kupoteza malipo ya miezi ya nyuma. Ukiitwa kwa daktari wa serikali, nenda. Kutokwenda bila sababu ya msingi kunatosha kukufanya ukataliwe. Miezi uliyotibiwa kwa maombi na mizizi haionekani popote, kwa hiyo eleza kwa nini hukwenda kliniki, hasa kama bima ilikuwa imekatika. Usimtume mtoto kutafsiri, kwani mkalimani wa serikali ni bure.

Siku ya shauri, hakimu alimwapisha mama kisha akamuuliza yu hali gani leo. Nilikuwa nyuma yake, nikabana pumzi. Alinyamaza kidogo, akaweka kiganja kwenye ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, nimekaa hapa dakika ishirini na mguu wa kushoto umekufa ganzi. Naomba nisimame, halafu nitakujibu."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, na kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.