Handaki lisilo na poti yake: Open vSwitch inavyofunga pakiti ndani ya pakiti

Open vSwitch, swichi ya programu iliyoanzia katika kampuni ya Nicira na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2009, ilienea kwenye vituo vya data hasa kwa sababu inaziwezesha mashine pepe zilizotawanyika kwenye seva mbalimbali kujiona kama ziko kwenye mtandao mmoja. Kinachotumika hapo ni mahandaki: fremu ya mashine pepe inafungwa ndani ya pakiti nyingine, inasafiri juu ya mtandao wa kawaida wa IP, kisha inafunguliwa upande wa pili. Wengi wanaoichambua kazi hii hushindanisha aina za ufungashaji, yaani GRE, VXLAN, STT na Geneve, na ubishi huo hauishi. Naona unapoteza shabaha. Jambo lililoamua mafanikio ya swichi hii ni mahali ilipoamuliwa handaki liishi: je, liwe poti, au liwe taarifa inayoambatana na pakiti?

Mwanzoni kila handaki lilikuwa poti yake ndani ya kiini cha Linux, na mantiki yake inaeleweka, kwani swichi inajua poti na handaki linafanana na waya mrefu. Hesabu ndiyo iliyokataa. Seva 1,000 zikitakiwa kuwasiliana moja kwa moja, kila moja inahitaji poti 999, na mtandao mzima una jozi 499,500. Ukiongeza seva moja tu, zile 1,000 za awali zote lazima ziguswe. Kibaya zaidi, pakiti ilipoingia kutoka nje, kiini kililazimika kwanza kutafuta ni poti ipi inayolingana na anwani zake za nje na namba ya mtandao pepe, ndipo kiikabidhi kwa jedwali la mitiririko, ambalo nalo lilianza kutafuta upya. Utafutaji ule ule ulifanywa mara mbili, na ule wa kwanza ulikuwa umewekwa ndani ya kiini, mahali ambapo kubadilisha msimbo ni kazi ya jasho.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kubakiza poti moja tu ya kiini kwa kila aina ya ufungashaji. Pakiti ya VXLAN ikiingia, inavuliwa ganda la nje, lakini kilichoandikwa kwenye ganda hilo hakitupwi: anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, namba ya mtandao pepe yenye biti 24, na thamani za TOS na TTL vinaandikwa kwenye ufunguo wa mtiririko, yaani taarifa ambazo pakiti hulinganishwa nazo kwenye jedwali, pamoja na anwani za MAC na IP za ndani. Pakiti ikitoka, kanuni inaibandika taarifa za handaki kwanza, kisha inaitupa kwenye poti ile moja. Msimamizi wa mtandao bado anaweza kuunda poti nyingi za handaki akitaka, ila hizo zinaishi kwenye programu ya ovs-vswitchd, nje ya kiini. Anaweza pia kuandika remote_ip=flow na kuziachia kanuni za OpenFlow zichague mwisho wa handaki kwa kila mtiririko. Pakiti ya kwanza ndiyo inayopanda hadi ovs-vswitchd kuuliza. Zinazoifuata zinakuta jibu limeshahifadhiwa kwenye kiini.

Atakayepinga atasema ufunguo umenenepa, na kwamba kila pakiti sasa inalipa gharama ya mahandaki hata kama haijapita kwenye handaki lolote. Hoja hii ina uzito, na inajibiwa na jinsi ufunguo wenyewe ulivyopangwa. Ndani ya msimbo wa kiini, taarifa za handaki ziliwekwa mwanzoni kabisa mwa ufunguo. Pakiti isiyo ya handaki inaanza kusomwa baada ya sehemu hiyo, hivyo baiti zile haziingii kwenye ulinganishaji wala kwenye hesabu ya kutafutia jedwali. Geneve ilipoleta nyongeza zenye urefu unaobadilika, hadi baiti 252, nafasi yake ilitangulizwa mbele ya taarifa hizo, na nyongeza husukumwa hadi mwisho wa nafasi hiyo ili zigusane na sehemu inayofuata. Nyongeza ya baiti nane ikiwepo, inaongeza baiti nane tu za kulinganisha. Ujanja huo wa kupanga kumbukumbu hauonekani kwenye mchoro wowote wa mtandao, lakini bila huo hoja ya mpinzani ingesimama.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Poti inaweza kuhesabiwa trafiki yake na kuulizwa kama iko hai. Taarifa iliyobandikwa kwenye pakiti haiwezi. Zana za kawaida za Linux zinaona poti moja tu ya VXLAN hata kama nyuma yake kuna seva mia tano. Hapa kuna kilichopotea kweli, na fundi anayetafuta hitilafu usiku atalazimika kuiuliza ovs-vswitchd badala ya kiini. Lakini uhai wa handaki bado unapimwa: itifaki ya BFD inaendeshwa na ovs-vswitchd juu ya poti zake yenyewe, na kanuni zinaweza kubadilishwa handaki linapokufa.

Uimara wa uamuzi huu unaonekana zaidi pale kiini kinapoachwa kando kabisa. Swichi ikitumia DPDK, pakiti hazipiti Linux, kwa hiyo hakuna wa kuzitafutia njia wala kuziulizia ARP. Open vSwitch ililazimika kubeba jedwali lake la njia na kumbukumbu yake ya majirani. Kichwa chote cha nje, kuanzia Ethernet hadi VXLAN, kinatengenezwa mapema na kuhifadhiwa ndani ya kanuni, kisha kinanakiliwa mbele ya kila pakiti, na sehemu chache tu zinarekebishwa, zikiwemo urefu na poti ya UDP ya mtumaji, ambayo hukokotolewa kutokana na vichwa vya ndani ili ruta za njiani zigawanye mzigo kwenye njia zaidi ya moja. Kanuni alizoandika msimamizi hazikuhitaji kubadilika. Hata hivyo, baiti 50 ambazo VXLAN inaongeza juu ya IPv4 hazikwepeki kwa mpangilio wowote: mtandao wa chini ukibaki na MTU ya 1500, ile ya mashine pepe itabidi ishushwe hadi 1450.